Chombo cha Kufukuza Mbu

Jumatatu, 1 Februari 1999. Ukunda.

Nakaribia kufa. Nimeambiwa rasmi. Daktari amesema moyo wangu umechakaa kama kamba ya kisimani, akanikataza chumvi, ngazi na hasira. Chumvi nitaacha. Ngazi sina. Hasira nitaiachaje, na Suleiman anakaa hatua arobaini kutoka kitandani kwangu?

Mimi ni Gerishom Muindi, miaka sabini na minne, mwalimu mkuu mstaafu. Nimefundisha Kikoneni miaka ishirini na sita na sijawahi kukosea hesabu ya kugawanya mbele ya watoto. Mbele za Mungu ni habari nyingine. Nina dhambi moja. Ninazo nyingi, lakini zile nyingine ni za kawaida, hata mchungaji anazo. Hii moja ni yangu peke yangu, na inamhusu Suleiman. Ni lazima nimwambie kabla sijafa. Nimeazimia. Kesho.

Jioni binti yangu Viola amerudi kutoka Diani na visanduku viwili vyeupe. Wale Wajerumani aliokuwa akiwalelea mtoto wamerejea kwao wakamwachia. Kisanduku kimoja hukaa kwa mtoto, kingine hubebwa na mama. Mtoto akilia chumbani, mama anamsikia jikoni. Hakuna hata waya! Nimesifu sana akili za Wajerumani. Halafu nikamwona Viola anakiweka kisanduku cha mtoto juu ya kijimeza karibu na mto wangu. Nikamuuliza mtoto yuko wapi. Akasema, mtoto ni wewe, Baba.

Jumanne, 2 Februari

Sikumwambia Suleiman. Nilikuwa na msiba wangu mwenyewe.

Asubuhi Viola aliniletea uji akatoka, akafunga mlango. Nilipobaki peke yangu nikasema kwa sauti ya chini kwamba uji huu una ladha ya gundi ya bahasha. Jibu likanijia kutoka jikoni kupitia dirishani: anayetaka ladha na aende hotelini kwa watalii. Mlango umefungwa! Ukuta wa matofali! Nikanong'ona, Viola, unanisikia? Akasema anasikia kila kitu, hata upepo wa tumbo, na kwamba leo si mzuri, atanipunguzia maharagwe.

Nimekaa nikahesabu hasara. Siwezi kunung'unika. Siwezi kujamba kwa siri. Siwezi kuzungumza na marehemu mke wangu Nthambi, jambo ambalo nimelifanya kila alfajiri kwa miaka tisa, naye hunijibu vizuri kuliko alipokuwa hai. Mkoloni alinichukua alama za vidole, akanipa kipande cha kitambulisho, lakini hakuna bwana shauri aliyewahi kunisikiliza nikizungumza na mke wangu chini ya shuka.

Viola anasema ni kwa usalama wangu. Nikianguka atasikia. Nimemwambia wafungwa nao wako salama.

Baada ya chakula hasira ikapoa, wazo likaingia. Kama kisanduku hiki kinaweza kunifanyia mimi hivi, kinaweza kumfanyia mtu mwingine.

Lakini niiandike dhambi kwanza, nisije nikafa kalamu mkononi.

Mwaka 1962, Kikoneni. Suleiman alikuwa fundi cherehani pale madukani. Alisoma chuo cha Kurani kwa maalimu wake, herufi za Kiarabu anazisoma kama anakunywa maji, lakini hizi zetu za shule hazijui hata kwa sura. Akampenda Mwanapili wa Kibuyuni. Mwanapili alisoma shule, akaandika kwa herufi za shule. Basi kazi ikaja kwangu. Suleiman anasema, mimi naandika. Jibu likija, mimi namsomea. Barua za nusu ya Kikoneni zilipitia kwangu: posa, talaka, madeni, mimba. Nilikuwa kisanduku cheupe kabla Wajerumani hawajakifikiria.

Barua ya mwisho ya Mwanapili ilisema hivi: Ndiyo. Leta wazee. Baba anakutaka uhamie kwetu Kibuyuni.

Mimi nikasoma: Hapana. Usinisumbue tena.

Kwa nini? Mke wangu alikuwa bado Kitui. Wadigo wa Kikoneni waliniheshimu lakini hakuna aliyenitania. Nilikuwa na rafiki mmoja tu, na rafiki huyo alikuwa akija kila baada ya alasiri kucheza bao. Akihamia Kibuyuni, mimi ningecheza na nani? Na inspekta wa shule?

Basi. Imeandikwa. Nilimkosesha mtu mke kwa ajili ya bao. Suleiman alimwoa Mishi baadaye, mwanamke mwema, Mungu amrehemu, ametangulia miaka sita iliyopita. Nilipostaafu nikahamia hapa Ukunda, naye akanifuata na cherehani yake. Mwanapili naye nasikia ni mjane, yuko Kibuyuni.

Jumatano, 3 Februari

Mpango umekamilika. Ni mzuri mno, nasikitika sina wa kumwonyesha.

Siwezi kuungama kama kipofu anayevuka barabara. Ni lazima nijue kwanza Suleiman ana nini moyoni. Kama amemsahau Mwanapili, nitakufa kimya na Mungu atanielewa. Kama bado anaumia, nitachagua maneno. Suleiman anaishi peke yake, na wajane wote wanaume huzungumza peke yao. Nikikiweka kisanduku cha mtoto nyumbani kwake, nami nikabaki na cha mama, nitasikia moyo wake wote bila kutoka kitandani.

Viola alipokwenda kuanika nguo, nilikichukua kile cha jikoni, nikaviweka vyote viwili kitandani nivichunguze. Vyote vyeupe. Vyote ukubwa wa kipande cha sabuni. Miwani ilikuwa dirishani. Ghafla nikasikia ndala za Viola! Kimoja nikakitia mfuko wa koti, kingine nikakisukuma kijimezani. Viola akaniuliza natweta nini. Nikasema mazoezi.

Hatua arobaini zilinichukua dakika ishirini na tano. Suleiman alikuwa barazani na cherehani yake. Akaniona toka mbali, hakuinuka kunipokea, muhuni yule. Akauliza nimekuja kupima kaburi langu au lake. Nikasema nimekuja kuangalia kama kuna mtu duniani bado anavaa suruali anazozishona. Akasema karibu, Mwalimu, keti, usife kabla ya kahawa.

Nikampa kisanduku. Nikamwambia ni chombo cha Kijerumani cha kufukuza mbu. Kinatoa sauti ambayo binadamu haisikii, mbu anaisikia anahama na ukoo wake. Akakiwasha. Kikafanya ssss. Akasema mbona anaisikia. Nikasema hayo ni mabaki tu ya sauti. Akauliza kinazimwa saa ngapi. Nikamwambia kamwe! Mbu hawana ratiba. Akanishukuru kwa maneno mazuri mpaka nikaona haya kidogo. Ilipita.

Nyumbani Viola alikuwa anakitafuta kisanduku chake cha jikoni. Nimemwambia kima amekichukua. Ameamini papo hapo, kwa sababu wiki iliyopita kima walichukua mkate mzima na kifuniko cha sufuria. Ametoka na ufagio, akawatukana kima wa mtaa huu mpaka majirani wakatoka kusikiliza. Nimemwambia hiki kilichobaki akiache tu hapa kijimezani. Kumbukumbu.

Alhamisi, 4 Februari

Nimetega sikio tangu alfajiri. Kisanduku kimya. Hata ssss hakuna. Nimekitikisa. Nimekibusu kwa bahati mbaya. Kimya.

Nimetafakari. Mtu asiyesema neno hata akiwa peke yake ana uchungu mkubwa sana. Maskini Suleiman!

Ili kupoteza muda nilipanga bao la leo, kwa sauti, kama ninavyofanya siku zote: nitaanzia kushoto, nitalinda nyumba yangu mpaka mwisho, halafu nitamla upande wa kulia akiwa amesinzia. Nikamweleza Nthambi pia. Nikamwambia kwamba Suleiman hajawahi kunishinda kwa haki, ni mimi huwa namwachia kwa huruma, kwa kuwa hana mke. Nthambi akakubali.

Baada ya alasiri alikuja kwangu na ubao wake. Amenishinda mara tatu! Alicheza kama mtu anayesoma ndani ya fuvu langu. Nilipogusa kushoto, alikwisha jiandaa kushoto. Akaniambia leo hajasinzia upande wa kulia, samahani. Kisha, wakati anaondoka, akasema ule wimbo wa Ijumaa Kuu ninaanza juu mno, nishuke kidogo, koo langu si la kijana.

Wimbo ule niliuimba leo asubuhi. Chumbani. Dirisha limefungwa.

Nimemshuku Viola. Ameapa kwa Biblia hajazungumza na Suleiman tangu Jumapili. Basi nikafikiria majini. Mimi ni mzee wa kanisa na siamini majini. Nimemwomba Viola aweke mkasi chini ya mto.

Niliuliza habari za mbu. Suleiman anasema wamehama wote. Kuanzia saa nane za mchana, nikilala mimi, ndipo wanapotoka mbio. Sikuelewa usingizi wangu unahusianaje na mbu wake. Uzee umemwanzia kichwani.

Ijumaa, 5 Februari

Kisanduku bado kimya. Lakini barazani kwa Suleiman kuna vicheko.

Baada ya swala ya Ijumaa walikuja wazee watano, nimewahesabu kutoka dirishani, wamekaa duara, wamezunguka kitu. Labda redio. Nilikohoa, wakacheka. Nikasema ni sadfa. Nikakohoa tena. Wakacheka tena! Nikaudhika, nikawa najikumbusha jedwali la saba kama dawa ya hasira. Nilipofika saba mara nane, hamsini na sita, wakapiga makofi. Katika redio siku hizi wanatangaza upuuzi gani?

Jumamosi, 6 Februari

Nimechoka kungoja. Moyo umeruka usiku mara mbili kama mbuzi anayevuka mtaro. Kesho Suleiman akija kwa bao nitamwambia. Lakini mwalimu hafundishi bila maandalio ya somo. Leo nimefanya mazoezi, wima, mkono mmoja kwenye mkongojo, kama gwaride la asubuhi shuleni.

Mara ya kwanza nilisema: Bwana Suleiman, ile barua ilinyeshewa, wino ukatiririka, nikakisia. Kwa mbali nilisikia wazee wanacheka barazani.

Haikunipendeza. Mara ya pili nikasema: Bwana Suleiman, mwandiko wa Mwanapili ulikuwa mbovu kama njia za siafu, neno ndiyo na neno hapana yakafanana. Kwa mbali nikasikia viti vikiburutwa. Wazee walikuwa wanaondoka, wote, mapema kuliko kawaida yao. Vizuri, nikasema, walikuwa wananichanganya.

Mara ya tatu sikutunga kitu. Nilisema tu. Kwamba Mwanapili alisema ndiyo. Kwamba niliona uso wake Suleiman wakati namsomea hapana, jinsi alivyoikunja barua ndogo ndogo mpaka ikatosha chini ya kidole gumba, akaniambia asante, Mwalimu. Kwamba kesho yake alikuja na ubao wa bao kama kawaida, nami nikafurahi. Hilo ndilo baya kuliko yote. Nilifurahi.

Nililia kidogo. Nje kukawa kimya kabisa. Hata cherehani ilinyamaza.

Nimesema amina. Najisikia mwepesi. Kesho nitalisema hili la tatu, pengine na ile mvua mwanzoni ili kulainisha.

Jumapili, 7 Februari

Suleiman hakuja.

Viola alirudi kutoka kanisani, akapika, tukala, alasiri ikapita. Kigoda cha Suleiman kitupu. Katika miaka arobaini ameacha kuja mara nne tu: ndoa yake, mazishi ya Mishi, kipindupindu, na siku aliyoshona kidole chake mwenyewe kwenye pindo la gauni.

Nimeweka sikio kwenye kisanduku mpaka likawa jekundu. Kimya. Moyo wake unavuja huko na mimi sisikii.

Jumatatu, 8 Februari

Hakuja. Mlango umefungwa. Cherehani haisikiki. Nimewaza: amekufa! Amekufa kabla yangu, kwa makusudi, ili nibaki na dhambi yangu mdomoni kama kete isiyo na shimo!

Nikamtuma Viola na sahani ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, akaangalie. Nilimwona anabisha. Nilimwona mlango ukifunguliwa kidogo. Nikamshukuru Mungu, halafu nikamkasirikia Suleiman. Kumbe mzima! Basi ananikwepa!

Viola amerudi bila sahani. Mkononi alikuwa na kisanduku cheupe. Hakuwa na uso wa kucheka. Akaniambia Mzee Suleiman anakusalimu, anasema huyo mbu mkubwa amemsikia vizuri sana, na betri zimekwisha.

Kisha akaviweka viwili pamoja mbele ya miwani yangu, akanielekeza kama mtoto wa darasa la kwanza. Hiki chenye vitundu vingi ndicho cha mama, kinasema. Hiki kilichobaki hapa kwako siku zote ni cha mtoto. Kinasikia. Akauliza, na kima, Baba? Kima ni nani?

Nilikuwa nahesabu. Wimbo. Uji. Upepo wa tumbo. Kukoroma. Jedwali la saba, mbele ya wazee watano na makofi. Mpango wa bao. Mazungumzo na Nthambi, ya chini ya shuka! Na Jumamosi. Yote matatu.

Amesikia. Amesikia, na siku mbili hajaja.

Miaka thelathini na saba nimeilinda alasiri yangu, na nimeipoteza kwa mkono wangu, kwa betri nne.

Jumanne, 9 Februari

Viola alipokwenda Diani kutafuta kazi mpya, nilitoka. Alikuwa amenikataza. Hatua arobaini, dakika thelathini na tano. Nilipumzika mara mbili, mara moja juu ya ndoo.

Suleiman alikuwa ameketi kwenye cherehani. Hakuinua kichwa. Nilisema hodi. Akashona pindo zima la kanzu. Niliketi bila kukaribishwa. Nikafungua mdomo, na Mungu ni shahidi wangu sikukusudia, nikaanza: Bwana Suleiman, ile barua ilinyeshewa.

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Akasema, la tatu, Mwalimu. Anza na la tatu.

Nikalisema. Bila mvua, bila siafu. Nilipofika pale kwenye kufurahi nilitazama kucha zangu.

Akauliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Akasema, basi sikiliza na wewe, Mkamba, kwa kuwa unapenda kusikiliza. Akaniambia kwamba siku ileile niliyomsomea barua, mwaka 1962, shangazi yake Mwanapili, bibi mmoja akiitwa Shutu, alikuja dukani kununua uzi akampa habari zote kwa mdomo. Ndiyo yake, wazee, kuhamia Kibuyuni, yote. Akasema mwanamke mwenye akili hategemei barua ya mtu wa bara, huituma barua kwa adabu tu, na neno lenyewe hulituma kwa shangazi.

Nikamuuliza, ulijua? Alijua! Kabla jua halijatua alijua! Nikamuuliza mbona hakwenda. Akaangalia pembeni. Akasema babake Mwanapili alitaka mkwe wa kwenda naye baharini, na yeye Suleiman hutapika hata akioga kwenye pipa. Alikuwa anahangaika jinsi ya kukataa bila kumvunjia bibie heshima. Hapo akakumbuka kwamba Mwalimu amemsomea hapana. Akaiona ile hapana kama zawadi kutoka mbinguni. Akamwambia Shutu kuwa yeye amesomewa vingine, na msomi ni msomi, nani atabishana naye.

Kwa hiyo alinisingizia mimi! Kwa jambo ambalo nilikuwa nimelifanya kweli!

Nikamuuliza mbona hakuniambia miaka yote hii. Akasema, nikuambie ili iweje? Kila Idi umeniletea jogoo. Kila mvua umenipa kigoda kikavu. Nilipougua kipindupindu ulinilisha kwa kijiko. Akasema dhambi yangu ilikuwa imemnonesha vizuri, asingeipoteza hivi hivi.

Nilimwita mwizi. Mwizi wa majuto! Aliniita mwongo. Tukaitana hivyo kwa muda mzuri, tukipokezana, mpaka nikakosa pumzi akaniletea maji.

Ndipo nikamuuliza, basi kwa nini hukuja Jumapili? Akasema kwanza ni lile nililomwambia Nthambi, kwamba huwa namwachia bao kwa huruma. Hilo limemchoma. Mke ni mke, bao ni heshima ya mtu. Nikaomba radhi. Nusu.

Na pili? Akaanza kufundua uzi ambao haukuwa na fundo. Akasema pale Jumamosi alipoona naelekea wapi, aliwafukuza wale wazee. Akabaki peke yake na kile kidude mapajani, akasikia mpaka mwisho. Akasema ameona wazee wengi wakifa, babake, ndugu zake, Mishi. Mtu huwa na jambo lake moja limemkaa kifuani, hafi, anangoja. Siku akilitua, siku ya tatu anaondoka. Alijifungia ili nisipate pa kulitua. Akasema alikusudia kujifungia mpaka Idi.

Ng'ambo ya uzio kulikuwa na kuku anatangaza yai.

Nikamwambia, sasa nimekwisha litua. Akasema ameona. Akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye ndala kama mtu anayepima kitambaa kisichotosha. Akasema, basi, Mwalimu, tafuta dhambi nyingine upesi.

Alinirudisha nyumbani kwa kunishika kiwiko. Dakika kumi na tano.

Ijumaa, 12 Februari

Siku ya tatu imepita. Niko hai. Daktari hajui kitu.

Jana Viola ametia visanduku vyote viwili kwenye mfuko akampa mwenzake aliyejifungua juzi. Nimemhutubia kuhusu jambo hilo. Nimemwambia kwamba nyumba ya mtu ina siri zake kama chungu kilivyo na mvuke wake, na anayefunua ataungua uso. Nimemwambia mtu asikubali kuweka sikio asilolijua mahali anapolala. Viola amesema amina. Nilikuwa nimesema vizuri sana.

Baadaye Suleiman akaja na redio yake kwapani. Akafunga mlango. Akauliza kama ninamjua Trevor. Namjua: kijana wa Nakuru, karani wa mapokezi hotelini, amepanga nyumba ya nyuma yetu, husema shikamoo mzee kabla hata hajaniona vizuri. Suleiman akasema kijana huyo amenunua simu isiyo na waya, anazunguka nayo uani kama kuku. Akawasha redio, akausogeza mshale polepole kupita stesheni zote, mpaka pale mwisho ambapo hakuna kitu. Sauti ya Trevor ikatoka! Safi kama taarifa ya habari!

Nilimkemea. Nilimwambia aone haya. Sisi, baada ya yote yaliyotupata! Mimi, niliyepigiwa makofi kwenye jedwali la saba! Nilizungumza kwa ukali karibu robo saa. Kisha nikamwomba aisogeze redio upande wa sikio langu zima.

Trevor anamtaka msichana anaitwa Gillian, yuko kwao Nakuru. Amemwomba wafunge ndoa Pasaka. Anabembeleza vibaya, hana mpangilio, anaruka kutoka mahari kwenda kwenye hali ya hewa. Gillian alisema atampigia Ijumaa mchana ampe jibu. Tumekubaliana, mimi na Suleiman, kwamba ni wajibu wetu kumwonya kijana huyu kuwa simu yake inasikika mtaa mzima. Tutamwonya baada ya Ijumaa.

Leo Suleiman alikwenda msikitini kwa shingo upande. Aliniachia redio. Akaniapisha nisikilize kila neno, nisisinzie.

Sikusinzia. Saa saba na nusu simu imelia. Gillian amesema ndiyo. Amesema alikwisha kata shauri tangu Jumatatu, alitaka tu kumwona akihangaika. Trevor ameshindwa kusema, amepiga chafya tu, tena na tena. Nimefurahi mno. Nimezima redio.

Suleiman amerudi karibu anakimbia, kofia imekaa upande, hata maamkizi hakunipa. Vipi, Mwalimu? Kasemaje?

Nikamwangalia. Anahema mlangoni, ana miaka sitini na tisa, ameuacha mkutano wa wazee msikitini ili kuja kuketi na mimi.

Nimemwambia bado anafikiria. Ameomba wiki mbili, labda tatu.

Suleiman akasikitika. Akasema wasichana wa Nakuru ni wazito. Akavuta kigoda, akapanga kete, akasema basi itabidi awe anakuja mapema zaidi, asubuhi, tusije tukapitwa.

Moyo unadunda vizuri sana.